Tchegera, kisiwa cha volkano katika Ziwa Kivu: kukifahamu na kukitembea mwenyewe

Hapa Kisangani, jina la Nyiragongo tunalisikia paka siku mbili: siku mlima umelipuka, ao siku vita imefika Goma. Lakini chini ya ule mlima, ndani ya Ziwa Kivu, iko kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga. Jina lake Tchegera. Kisiwa hiki ni mdomo wa volkano ya zamani iliyojaa maji, na ni sehemu ya Parki ya Taifa ya Virunga.

Wasikilizaji wengi wanatuuliza kuhusu Kivu, hasa vijana wanaosoma jiografia na wale wenye ndugu kule. Katika makala hii tunaeleza namna kisiwa kilivyozaliwa, mambo ya kuangalia kama mutu anakizunguka bila mwongozaji, hatari za kweli za ziwa lile, na juu ya nini kwa sasa safari hiyo haifai. Mwishoni tunaonyesha kisiwa gani tunaweza kutembea hapa kwetu, kwa kungojea amani.

Kisiwa kilizaliwa namna gani?

Volkano haziko za namna moja. Nyiragongo, yenye urefu wa meta 3,470, ni mlima mrefu wenye shimo kubwa juu, na mara nyingi ndani ya shimo hilo mnachemka ziwa la moto. Nyamulagira, yenye meta 3,058, ni mlima mpana ambao hutoa lava mara kwa mara, na wataalamu wanauhesabu kati ya volkano zinazolipuka mara nyingi kuliko zote katika Afrika. Tchegera ni ya namna ya tatu.

Lava ya moto ikipanda kutoka chini ya ardhi na kukutana na maji mengi, yale maji yanageuka mvuke kwa ghafula. Kila mama anayepika anajua: tone la maji likiangukia mafuta ya mawese yanayochemka, mafuta yanaruka kila upande. Chini ya ziwa inakuwa vile vile, ila kwa nguvu kubwa sana. Moto na maji vinapasuka pamoja, lava inavunjikavunjika kuwa majivu na vijiwe, na vyote vinaanguka kuzunguka shimo. Vikirundikana vinafanya ukingo wa mviringo, sawa vile ukingo wa sahani. Miaka ikipita, majivu yanashikana na kuwa jiwe.

Pale Tchegera, upande mmoja wa ukingo haukubaki juu ya maji, na ziwa likaingia ndani. Njo maana leo tunaona nusu duara ya nchi kavu, na katikati yake ghuba tulivu. Mutu anayefika na boti na kufunga ndani ya ghuba hiyo amefunga boti yake ndani ya mdomo wa volkano.

Tchegera haiko peke yake. Mlima Goma, kilima kilicho karibu na bandari ya Goma, ni wa jamaa hiyo hiyo. Na lile ziwa dogo liitwalo Ziwa la Kijani, upande wa magharibi wa mji, liko pia ndani ya shimo la volkano.

Lakini tusichanganye na Idjwi. Idjwi ni kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu, ni teritware nzima ya jimbo la Kivu ya Kusini, kina vijiji vingi, mashamba ya kahawa na ya mananasi. Mawe yake ni ya zamani sana, hayakutoka kwa milipuko hii ya Virunga. Idjwi ni kipande cha mlima wa kale ambacho maji yalikizunguka. Tchegera ndiyo iliyozaliwa na moto.

Maji ya Kivu na mto wetu

Kuna jambo moja ambalo watu wa Kisangani wangepaswa kulijua. Zamani, kabla milima ya Virunga haijainuka yote, maji ya eneo la Kivu yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edouard, na kutoka huko kwenda Nile. Volkano zilipopanda zilifunga njia hiyo kama ukuta. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, ziwa likapanda, na zaidi ya miaka 10,000 iliyopita likapata njia nyingine upande wa kusini: mto Ruzizi.

Fuata sasa njia hiyo kwenye ramani. Ruzizi inatoka Bukavu na kuingia Ziwa Tanganyika. Ziwa Tanganyika linatoa maji yake kwa mto Lukuga, pale Kalemie. Lukuga inaingia Lualaba karibu na Kabalo. Lualaba inapita Kongolo, Kindu na Ubundu, inashuka maporomoko saba ya Boyoma, na kufika kwetu Wagenya. Ni kweli kama sehemu kubwa ya maji inapotea njiani kwa jua, hasa juu ya Ziwa Tanganyika, na mito mingine mingi inaingia. Lakini njia ni hiyo. Bila volkano za Virunga, maji ya Kivu yangeenda Misri, hayangeelekea upande wetu.

Kwa hiyo mvuvi wa Wagenya anayesimika mitego yake kwenye miti juu ya mawe, na mvuvi wa sambaza kule Goma, hawako wageni kati yao. Mto mmoja unawaunga.

Kukitembea mwenyewe: mambo ya kuangalia

Kwenye mlima Nyiragongo hakuna mutu anayepanda bila walinzi wa parki. Tchegera ilikuwa tofauti: parki ilijenga pale kambi ya mahema, boti ilikuwa inachukua wageni Goma, na mgeni akishafika aliweza kuzunguka kisiwa kwa miguu yake kwa mwendo wake. Kisiwa ni kidogo, hakina simba wala tembo, na Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko. Mutu haendi mbali hata akapotea.

Kutembea bila mwongozaji hakumaanishi kutembea bila kujua. Kama siku moja utafika, haya ndiyo mambo matano ya kutafuta.

La kwanza ni umbo. Panda juu ya ukingo na usimame. Upande mmoja unaona ghuba, maji yametulia. Upande mwingine unaona ziwa wazi, na mawimbi. Pale unaposimama ni juu ya ukuta wa shimo la zamani. Endelea kwa macho kuchora duara mahali ukingo umekatika, utaona ukubwa wa volkano yenyewe.

La pili ni jiwe. Kwenye vilima vya namna hii, pahali udongo umekatika utaona mistari mistari, moja juu ya nyingine, kama kurasa za kitabu. Kila mstari ni majivu yaliyoanguka kwa pigo moja la mlipuko. Ndani ya mistari mna vijiwe vyeusi vilivyonasa. Shika jiwe jeusi lenye matundu: yale matundu yalikuwa mapovu ya gazi wakati jiwe lilikuwa bado la moto. Likiangalie kisha ulirudishe pahali pake, kwa sababu ndani ya parki hairuhusiwi kubeba kitu.

La tatu ni milima. Hewa ikiwa safi, unaona Nyiragongo na Nyamulagira upande wa kaskazini. Usiku, kama kuna moto ndani ya mashimo, mawingu juu yake yanakuwa mekundu. Msimu wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, mvua ni kidogo, lakini vumbi na moshi vinaweza kuficha milima. Mara nyingi asubuhi mapema ndiyo saa nzuri.

La nne ni ndege na mimea. Wagawe kwa makazi yao: wanaovua kwenye maji, wanaolala kwenye miti ya ukingoni, wanaokula wadudu majanini. Kidaftari na kalamu vinatosha, na mwanafunzi anaweza kufanya orodha yake bila kifaa cha bei.

La tano ni wavuvi. Jioni mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja inatoka na taa kwenda kuvua sambaza. Huyu samaki mdogo hakuwa wa Kivu: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka wa 1960, akazaa sana, na leo analisha miji ya pande zote mbili za mpaka. Wavuvi wanapiga makasia wakiimba. Wasalimie, usiwapige picha bila kuomba.

Chukua nguo ya baridi. Ziwa liko kwenye meta 1,460 juu ya bahari, na Kisangani iko karibu na meta 400 tu. Mutu wa Kisangani aliyezoea joto la usiku atashangaa sana saa kumi ya alfajiri.

Hatari ambazo hazionekani

Hapa tusome polepole, kwa sababu habari hizi zinaokoa maisha, hata ya ndugu zetu wanaoishi kule bila kuwa watalii.

Hatari ya kwanza ni mazuku. Ndilo jina ambalo watu wa Kivu wanalipa lile gazi ya kaboni inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini, ndani ya mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na asubuhi kukiwa hakuna upepo. Mutu mzima anaweza kupita salama na mtoto anayetembea pembeni yake akaanguka, kwa sababu pua ya mtoto iko chini. Alama ni hizi: wadudu, ndege ao wanyama waliokufa ndani ya shimo, moto wa kiberiti unaozimika bila upepo. Usilale ndani ya bonde karibu na ziwa upande wa magharibi wa Goma. Ukiona mutu ameanguka ndani ya shimo, usiruke ndani bila kufikiri: wengi wamekufa wakienda kuokoa. Mvute na kamba, ao itisha watu.

Hatari ya pili iko chini ya ziwa lenyewe. Ziwa Kivu lina kina cha meta 480 hivi, na katika maji ya chini kabisa mmefungwa gazi nyingi: karibu kilometa za ujazo 300 za gazi ya kaboni na 60 za metani. Uzito wa maji ya juu ndio unaoizuia isitoke. Huko Kamerun, mwaka wa 1986, Ziwa Nyos, dogo sana kuliko Kivu, lilitapika gazi yake usiku mmoja na watu karibu 1,700 walikufa. Haina maana kwamba Kivu itafanya hivyo kesho. Wataalamu wanalipima, na upande wa Rwanda kiwanda cha KivuWatt kinatoa umeme kwa metani hiyo, tena kinapunguza gazi. Lakini mutu anayeogelea afuate ushauri wa wenyeji, kwa sababu ziko sehemu za pwani ambapo gazi inapanda karibu na maji ya juu.

Hatari ya tatu tunaijua vizuri sisi watu wa mto: boti. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma ikionekana mbele yao, na makumi ya watu walikufa. Ni habari sawa na zile tunazozitangaza kila mwaka kuhusu baleniere za mto Kongo: watu wengi kupita kiasi, mizigo juu ya mizigo, jile za kuokoa hazipo. Usipande boti iliyojaa, hata kama umechelewa. Omba jile mbele ya kulipa, si nyuma. Safiri asubuhi, kwa sababu mchana upepo unaamsha mawimbi.

Hatari ya nne ni mlima. Nyiragongo ulimwaga lava yake mwaka wa 1977. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu mamia ya maelfu wakakimbia. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena usiku, ikasimama kando ya mji, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, wengine ndani ya ajali za kukimbia. Siku chache baadaye serikali iliamuru sehemu ya mji ihame, kwa sababu walihofia moto usitokee chini ya mji ao chini ya ziwa. Historia ya Tchegera inatueleza juu ya nini waliogopa: moto na maji vilikwisha kukutana pale zamani, na kisiwa ndicho ushahidi.

Juu ya nini si wakati wa kwenda

Parki ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ya kwanza katika Afrika nzima. UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka wa 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Utalii wake umefunguliwa na kufungwa mara nyingi: ulifungwa 2018 baada ya watalii kutekwa na mlinzi mwanamke kuuawa, ukafunguliwa 2019, ukafungwa tena 2020 kwa korona.

Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23, na uwanja wa ndege ukafungwa. Barabara nazo ni ngumu. Kutoka Kisangani, njia ya nchi kavu ni mbili: RN4 kupita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda hadi Beni, kisha RN2 kushuka Butembo na Rutshuru; ao RN3 kupita Lubutu na Walikale kuelekea Bukavu. Zote zinapita kwenye maeneo ambayo raia wameteseka sana. Kwa hiyo makala hii haimwambii mutu afunge mizigo. Tunasema: usiende kutalii sasa, na mutu akikuuzia safari ya Tchegera kwenye simu, usitume pesa.

Kufungwa huku kuna watu nyuma yake. Kila mgeni mmoja alikuwa analisha mwendesha boti, mpishi, mama anayeuza sambaza, mwenye chukudu anayebeba maboga na viazi hadi hoteli. Hao hawatajwi kwenye habari za vita. Na kuna hasara nyingine ya polepole: mtoto wa Kongo anakua akijua volkano ya nchi yake kwa picha ya wakimbizi tu, wakati mtoto wa mbali anaisoma kama ajabu ya dunia.

Visiwa ndugu, na kile kilicho mlangoni petu

Katika Afrika ya Mashariki viko visiwa vinavyofanana. Huko Kenya, katika Ziwa Naivasha, Crescent Island ni ukingo wa shimo la volkano uliozama nusu, sawa kabisa na Tchegera. Watu wanatembea pale kwa miguu kati ya twiga na pundamilia, kwa kuwa hakuna simba. Katika Ziwa Turkana iko Central Island, yenye maziwa matatu madogo ndani ya mashimo yake. Na katika Bahari ya Hindi, Ngazidja ya Komoro ina mlima mkubwa wa volkano, Karthala, wenye meta 2,361, na wenyeji wake wanasema lugha iliyo ndugu wa Kiswahili.

Kwetu hakuna volkano. Lakini kisiwa tunacho. Mbiye iko ndani ya mto, kidogo tu juu ya maporomoko ya Wagenya, urefu wake karibu kilometa 14 na upana hadi 4. Mna pori la nchi kavu, pori linalofurika wakati mto umejaa, na pori la matope. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamefanya kazi pale miaka mingi. Kutoka katikati ya mji, toleka inakufikisha ukingoni, na mtumbwi unakuvusha.

Unaweza kuizunguka kwa kanuni zile zile tulizoeleza: tafuta umbo, angalia udongo, gawa ndege kwa makazi, salimia wavuvi. Pita kwanza kwa mkubwa wa kijiji, jitambulishe, useme unatafuta nini. Patana bei ya mtumbwi ya kwenda na ya kurudi kabla ya kupanda, na uangalie kama mto unapanda ao unashuka.

Usingoje miaka. Pori la Mbiye linapungua kwa makala, kwa mbao na kwa mashamba, kwa sababu mji unahitaji kupika kila siku. Tchegera imefungwa na vita, lakini jiwe lake litangoja. Miti ya Mbiye haingoji. Mwalimu anayesoma hapa, panga siku moja na wanafunzi wako, kila mmoja na kidaftari chake, na jile kwa kila mtoto.